Uchochoro wa Nyumba ya Mbu

Nimejenga nyumba nyingi maishani mwangu, na watu wakiniuliza ipi naipenda kuliko zote, hutarajia nitaje shule, au zahanati, au hata nyumba yangu mwenyewe ya Kibaoni ambayo mke wangu aliisubiri miaka tisa huku akinikumbusha kila masika. Mimi hutaja nyumba ya mbu. Wanaonijua hucheka, na wasionijua hunitazama mara mbili.

Ilikuwa nyumba ya mbu kweli. Katika miaka ya hamsini alikuja Ifakara daktari mmoja mtafiti kutoka Ulaya, mrefu, mpana wa mabega, mwenye haraka ya kutembea na subira ya kusikiliza. Alitaka kuchunguza homa za bonde letu la Kilombero, na kwa kazi hiyo alihitaji maabara. Neno hilo hatukuwa nalo. Watu waliambiwa kutakuwa na chumba chenye wavu madirishani na milango miwili inayofuatana, na kwamba humo ndani watafugwa mbu, wapewe joto na unyevu wanaoupenda. Basi, hayo yalitosha. Habari ilifika Mchombe kabla lori la saruji halijafika Ifakara.

"Sisi tunaezeka nyasi, mbu wanaezekewa bati," walisema sokoni. Mama mmoja aliyekuwa akiniuzia samaki wa kukausha alinishika mkono kwa huruma, akaniuliza kama wale mbu watahitaji na vitanda. Nilimjibu kwamba vitanda vipo tayari, kilichobaki ni yeye kuja kuwapikia. Nilicheka naye, lakini moyoni sikupenda. Nilikuwa fundi mwashi, nimefundishwa kazi misheni upande wa Mahenge, na sikupenda kazi yangu ichekwe hata na mwenye haki ya kucheka.

Niseme kweli juu yangu mwenyewe. Nina hasira za karibu, na wakati ule zilikuwa karibu zaidi. Nilijua kazi, na nilijua kwamba naijua. Ukuta wangu ukiushushia timazi, uzi ulilala na tofali kuanzia juu hadi chini. Nilikuwa na mafundi na vibarua kumi na wanne chini yangu, na ole wake aliyegusa lipu mbichi.

Daktari alitueleza jambo moja siku ya kwanza, akiwa amekaa juu ya mfuko wa saruji kama sisi. Nyumba hii ilikuwa ya kwanza kati ya tatu. Ikisimama kamili kabla mvua hazijafunga barabara, tena bila kasoro, mbili zilizobaki zitakuwa zetu. Ikishindikana, atamwandikia mkandarasi wa Morogoro, naye atakuja na watu wake. Hakututisha. Alisema kama mtu anayetaja saa. Sisi tulielewa kwamba hiyo ni miaka miwili ya kazi mlangoni petu, au ni kurudi kuziba nyufa za vibaraza vya watu na kulipwa mpunga. Mmoja wetu alikuwa ameshatuma mshenga Chita kwa kutegemea hizo nyumba mbili. Na aliyewahakikishia wote kwamba hakuna shaka, kazi ni yetu, nilikuwa mimi.

Kazi ya mabomba alipewa mtu wa Songea. Yeye Mngoni, mimi Mpogoro, kwa hiyo hata kabla hatujajuana majina tulikuwa tumeshatukanana. Utani wetu unajulikana. Mababu walipigana, wakachoka, na tangu hapo sisi wajukuu tunaruhusiwa kuambiana lolote, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako. Kwenye msiba wako anaweza kulala njiani jeneza lisipite, mpaka apewe kuku. Na neno lake hulitii moyoni, maana ukilitia umevunja kitu kikubwa kuliko neno lenyewe.

Huyu wangu alikuwa bingwa. Alikuwa amefanya kazi kwenye viwanda vya mkonge huko Kilosa, alivaa kofia ya kaki iliyopoteza ukingo, na baiskeli yake ilibeba spana nyingi kiasi kwamba ilisikika kabla ya kuonekana. Siku aliyofika tulikuwa tunafunga kamba za msingi. Alisimama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mtumwa wangu," aliniambia, "hiki ni kichuguu au ni nyumba?"

"Ni kaburi lako, mtani. Napima kama miguu itaenea."

Mafundi waliweka chini majembe wakashika mbavu. Tangu siku hiyo kazi ilikwenda kwa kicheko, na sijui kazi nyingine niliyoifanya kwa furaha namna ile.

Siku hiyo hiyo ya kamba alipita katikati ya msingi akiburuta kisigino, pale ambapo ungesimama ukuta wa kati. Upande mmoja wa ukuta huo kingekuwa chumba kirefu cha darubini, upande wa pili vyumba vya mbu na cha kuoshea vyombo, na masinki yote yangekaa kwenye ukuta huo, pande zote mbili, kwa sababu madirisha yalihitajika kwa mwanga.

"Hapa chini," alisema, "mtumwa wangu aniachie njia ya kupita, pana kama tumbo lake. Asiponiachia atalibomoa jamvi la zege kwa meno, na meno yenyewe anayo machache."

Tulicheka hadi machozi. Nilimjibu kwamba Wangoni wamezoea kuingia nyumba za watu kwa chini, lakini kwangu wataingia mlangoni kama Wakristo. Wiki ya pili, tulipokuwa tunajaza kifusi ili sakafu iinuke juu ya maji ya masika, alikuja kuuliza kama nimemchimbia shimo lake. Nikamwambia makaburi ni upande ule. Mara ya tatu alikuwa juu ya lori, anakwenda Kilosa kupokea mabomba yake stesheni, akapiga kelele tangu huko juu: "Mpogoro, njia yangu! Nikiikosa nitakutoboa wewe!" Nikampungia mwiko.

Haikunijia kichwani hata mara moja kwamba mtu yule alikuwa anazungumza kazi.

Mtu atauliza, je, ramani? Ramani ilikuwepo, na mimi niliisoma vizuri mno. Lakini ilikuja kwa karatasi mbili. Moja ilikuwa ya kuta, milango na madirisha, nikapewa mimi. Nyingine ilikuwa ya maji, akapewa mtani. Yangu ilionyesha kila kinachomhusu mwashi, pamoja na mambo magumu kweli. Meza za darubini, kwa mfano, zilitakiwa kusimama juu ya nguzo zake zenyewe zilizotoka ardhini bila kugusana na jamvi, ili mtu akipita chumbani na viatu vizito, yule anayechungulia kijidudu asikione kinacheza ngoma. Nilizijenga nguzo hizo, nikaacha upenyo wa kidole kuzizunguka, na nikajisifu wiki nzima. Mtu anayejua kuacha upenyo wa kidole hakuona sababu ya kuuliza maji yatapita wapi.

Mabomba yalichelewa huko yalikotoka, na mtani akakaa Kilosa wiki tano akiyasubiri. Sisi hatukusubiri. Kuta zilipanda, kenchi za paa zikakaa, bati likapigwa, na mwisho tukamwaga jamvi. Zege tulilipokezana kwa karai huku tukiimba, siku tatu, kisha nikapiga niru ya saruji laini kwa mkono wangu mwenyewe, nikirudi nyuma kwa magoti kutoka chumba hadi chumba. Ilipokauka iling'aa hata ungeweza kuhesabu meno yako ndani yake. Nilipiga marufuku viatu. Kijiji kizima kilikuja kuchungulia madirishani, na yule mama wa samaki akakiri kwamba kama mbu hawataki kuhamia, yeye yuko tayari.

Ndipo mtani akarudi na mabomba.

Aliingia bila viatu, kwa heshima, jambo ambalo peke yake lilitosha kunichekesha. Akatembea kando ya ukuta wa kati hadi mwisho, akarudi, akaenda tena. Akapiga magoti na kugonga sakafu kwa kifundo cha kidole.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Iko wapi nini?"

"Njia yangu."

Nilicheka. Mafundi walicheka. Nilimwambia njia yake imekwenda Songea kumtafuta, na wote wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Nilimtazama usoni nikisubiri litokee jino lake la dhahabu, lililong'aa kila alipotania, lakini halikutokea. Sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa uso ule uliotulia.

Alitoa karatasi yake kifuani. Nami nikaleta yangu. Zilikuwa karatasi nyembamba, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye wavu wa dirisha, jua likapita ndani yake, na kwa mara ya kwanza nikaiona nyumba niliyokuwa nimeambiwa nijenge. Kuta zangu zilikuwa pale pale. Na chini ya ukuta wa kati, ndani ya jamvi langu linalong'aa, ulipita mfereji mpana kama tumbo langu, ukatoka nje kwa nyuma hadi kwenye shimo la mawe.

Nilifanya alichofanya kila mtu mwenye hasira za karibu. Nilitupa mwiko.

"Kwa nini hukusema vizuri?"

"Nilisema mara tatu."

"Ulisema huku unacheka!"

"Sasa ningesemaje na wewe?" Naye sasa alikuwa amepandisha sauti. "Nikusemeshe kama mkwe? Nikuite bwana? Wewe mwenyewe ungedhani nimefiwa."

Alikuwa amesema kwa lugha pekee tuliyokuwa nayo kati yetu, na kwa lugha hiyo ukweli haukuwa na mahali pa kusimama. Yule wa mshenga alikuwa ameshika karai tupu kifuani kama mtoto.

Tulihesabu tulichokuwa nacho. Saruji iliyobaki ilitosha lipu na meza tu. Tukilivunja jamvi, hatukuwa na ya kumwaga lingine, na lori halingeweza kwenda na kurudi kabla ya mvua. Daktari alikuwa amevuka mto kwa kivuko kwenda upande wa Mahenge kukusanya mbu wake, na angerudi baada ya majuma matatu. Mmoja wetu akashauri maji machafu yatoke nje kwa mfereji wa wazi kuzunguka ukuta. Mtani alimtazama.

"Safi kabisa," alisema. "Daktari anatoka Ulaya kuja kupambana na mbu, sisi tunamchimbia bwawa la kuwazalisha mlangoni kwake."

Nilicheka bila kupenda, na kicheko hicho kilinisaidia. Siku ya pili asubuhi tulikutana mimi na mtani tu ndani ya nyumba. Alikuwa amechukua bomba moja, amelishikiza kwenye ukuta wa kati, juu ya sakafu, kwa urefu wa goti.

"Hapa lina mteremko wa kutosha," alisema. "Masinki yako juu, maji yatashuka, yatoke kwa nyuma juu ya jamvi, halafu tuyafunike mpaka shimoni. Sihitaji kwenda chini. Ila mabomba yataning'inia yote nje nje kama matumbo ya mbuzi. La kuletea, la kutolea, na nyaya za jenereta. Vumbi litakaa, mbu watajificha, na daktari atatufukuza wote."

"Nitayajengea kifuniko cha tofali."

"Na yakivuja?"

"Utavunja kifuniko."

"Nimevunja vifuniko vya waashi miaka kumi," alisema. "Kilosa kila bomba likivuja nabomoa ukuta, mwashi anakuja ananitukana, anaziba, linavuja tena pembeni yake. Nimechoka na ninyi."

Sikumbuki ni nani aliyesema kwanza. Yeye husema ni yeye, na mimi husema ni mimi, na katika jambo hili tumekubaliana tutakufa tukibishana. Lakini mmoja wetu alirudi nyuma hatua moja kutoka ukutani, akasema kifuniko hicho kisikae juu ya bomba, kikae hapa. Kiwe ukuta mwingine mzima, mwembamba, umbali wa futi mbili kutoka ule wa kwanza, kuanzia mbele mpaka nyuma. Katikati ya kuta hizo ubaki uchochoro ambao mtu anaweza kupita kwa ubavu. Mabomba yote yapite humo. Masinki yaning'inie kwenye kuta, upande huu na upande huu, na migongo yao itazame uchochoroni. Na mlango wa uchochoro uwe nje, nyuma ya nyumba, ili fundi aingie na spana zake bila kumsumbua anayechungulia darubini wala kuwafungulia mbu mlango.

Tulisimama pale tunatazamana kama wezi wawili walioona dirisha limeachwa wazi.

Kulikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa kubwa. Futi mbili pamoja na unene wa tofali zingetoka kwenye chumba kirefu cha darubini, chumba ambacho daktari alikuwa amekipigania kuliko vyote. Na hakukuwa na namna ya kumuuliza.

"Nitamwambia karatasi yangu ndiyo iliyokosewa," mtani alisema, akifunga spana zake. "Mimi ni mtani wako. Aibu yako nikiibeba hainichafui. Wewe una watu kumi na wanne, mimi nina baiskeli."

Nikakubali. Naandika kama ilivyokuwa: nilikubali, na nililala vizuri.

Tulijenga ukuta ule kwa siku kumi na moja, na sijawahi kufanya kazi kwa namna ile kabla. Mwashi hupenda kumaliza ukuta kisha wengine waje wauharibu. Safari hii nilipanga mstari mmoja wa tofali nikasimama, mtani akashika bomba lake mahali pake, nikaacha tundu la ukubwa ule ule, nikapanga mstari mwingine. Mwanzoni nilinung'unika kwa kila tundu. Kufika siku ya nne nilikuwa namwita mimi. "Njoo, hapa hutaki kitu? Usije ukalia baadaye." Na ili yale ya jamvi yasijirudie, tulipatana kwamba maneno ya kazi atayasema akiwa amevua kofia. Kofia ikiwa kichwani, ni utani. Ikiwa mkononi, ni kipimo. Mara nyingine aliivua na kuivaa mara tatu katika sentensi moja, na vijana wakawa wanamsubiri kama wanaotazama mchezo.

Siku ya kujaribu maji tulichanganya chokaa kwenye ndoo ili yaonekane, tukayamwaga kwenye sinki la kwanza, na wote kumi na wanne wakatimua mbio kuzunguka nyumba kwenda kuyaona yanatokea. Yalitokea. Walipiga vigelegele kama wanawake. Kisha yule wa mshenga akarudi akasema kwa upole kwamba yametokea nusu. Kiungo kimoja kilikuwa kinavuja. Mtani akavaa kofia, akanitukana mimi na ukoo wangu, akaingia kwa mlango wa nyuma, na kabla sijamaliza kumjibu alikuwa ameshakaza na kutoka. Hakuna tofali lililovunjwa. Nilipapasa ukuta wangu mzima, mkavu, nikajisikia furaha ya ajabu.

Daktari alirudi mawingu yakiwa yamekaa juu ya milima. Alishuka kwenye lori na makasha yake, akasalimia kila mtu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaingia chumba kirefu. Akasimama. Akakipima kwa hatua zake ndefu, upande huu na upande huu.

"Chumba kimepungua," alisema. "Ukuta huu haumo kwenye ramani yangu."

Mtani alitoka mbele, kofia mkononi.

"Ni mimi, Bwana Daktari. Karatasi yangu ya maji niliisoma vibaya, nikawaambia wajenge hivi."

Daktari alibadilika rangi. Alikuwa mtu mpole, na wapole wakikasirika huwa hawana mazoezi. Alimuuliza kama anajua amesubiri chumba kile miaka mingapi. Akamuuliza nani alimpa ruhusa. Halafu akasema lori linarudi Morogoro kesho asubuhi, naye atakuwamo, yeye na spana zake. Mtani aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua itanyesha.

Nitasema lililokuwa moyoni mwangu. Nilitaka kunyamaza. Daktari hakuwa amenigusa mimi, hakuwa amegusa vijana wangu, nyumba ilikuwa imekamilika na mvua bado haijanyesha. Nyumba mbili zilikuwa pale mbele yangu, na njia ya kuzipata ilikuwa kufunga mdomo tu. Nilinyamaza, tena si kidogo. Nilinyamaza hadi mtani akainama kuokota mfuko wake wa spana, na nikaona kisogo chake kisicho na kofia, chenye mvi ambazo sikujua kama anazo.

"Anakudanganya," nilisema.

Daktari aligeuka.

"Karatasi yake aliisoma sawa. Aliniambia mara tatu niache njia ya maji chini ya jamvi. Mimi nilidhani ni utani, nikamwaga zege. Kosa ni langu, na hawa vijana walifuata amri yangu. Kama kuna wa kupanda lori, ni mimi." Nilikuwa na aibu hata masikio yaliwaka. Nyuma yangu nilisikia mtu akiguna, na nilijua ni nani, na nilijua anafikiria Chita.

Daktari alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kuna nini ndani ya ukuta huo. Mtani akamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba ni heri aone mwenyewe.

Kwanza aliagiza debe, akalikalia mbele ya meza ya darubini, akaniambia nipite nyuma yake nikiwa nimebeba sinia. Nikachukua sinia la wali wa vijana, lenye wali wake, nikapita. Nikapita tena. Mgongo wake na tumbo langu havikugusana, ingawa ilikuwa kidogo tu. Akatoka nje, akazunguka nyuma, akafungua mlango mdogo wa uchochoro, akaingia kwa ubavu na mabega yake yote yale. Tulisikia akigonga mabomba moja baada ya jingine. Tulisikia akikwama na kujikwamua. Alikaa humo muda mrefu hata mtani akaanza kusali Ave Maria kwa Kingoni.

Alipotoka alikuwa mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi magoti, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Bomba likipasuka mbu wangu wakiwa chumbani," alimuuliza mtani, "nani atafungua mlango wao?"

"Hakuna, Bwana Daktari. Mimi naingilia huku."

"Na kazi ya darubini?"

"Iendelee. Hawatajua hata kama nimekuja."

Daktari alipangusa uso, akajichafua zaidi. Akaingia ndani tena, na sisi nyuma yake. Akafungua kasha la karatasi, akatoa ramani za nyumba ya pili, zote mbili, ya kuta na ya maji, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye meza yangu ya saruji. Akachora kwa penseli mistari miwili iliyopita katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akainua macho akanitazama mimi, si mtani.

"Katika hii," alisema, "uchochoro wako uwe na upana gani?"

Nyuma yangu vijana walikuwa wameshaelewa, na mmoja wao alikuwa analia waziwazi. Nilikuwa na jibu. Mwashi siku zote huwa na jibu, nalo lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Muulize huyu kwanza, Bwana Daktari," nilisema. "Akishasema, mimi nitajenga kumzunguka."

Mtani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue haukutoka utani. Akafuta macho kwa kiganja chenye mafuta ya spana, akainama juu ya ramani, akasema futi mbili na nusu.